Kutazama ndege kutoka Tabora hadi Kigoma: mwongozo wa safari ya siku kumi

Mtu akiuliza mahali pa kutazama ndege Tanzania, mara nyingi huelekezwa kaskazini. Huko ndege wapo kweli, lakini ukanda wa magharibi una faida ambayo ni vigumu kuipata kwingine: katika takriban kilomita 400 za reli kati ya Tabora na Kigoma unapita miombo, mbuga za udongo mweusi, ardhioevu ya Malagarasi, mashamba ya michikichi, na unaishia Ziwa Tanganyika lenye misitu ya milima pembeni yake. Kila mahali pana ndege wake na pana namna yake ya kutazamwa. Anayetembea kwenye miombo kwa mwendo wa mtu anayekagua ufukwe ataona njiwa wawili na kunguru, halafu atasema msitu hauna kitu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza

Magharibi kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Aprili. Kwa safari inayopita makazi yote, chagua kati ya katikati ya Septemba na mwisho wa Oktoba. Miombo huchipua kabla mvua haijanyesha, majani machanga yakiwa mekundu na ya shaba, na wadudu huongezeka. Ndege huanza kuimba na kujenga viota. Maji ya Malagarasi yamerudi kwenye mikondo, njia za udongo zinapitika, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanaanza kuingia. Ubaya wa miezi hii ni joto la mchana na moshi wa mioto ya porini, unaofuta rangi za ndege walio mbali.

Desemba hadi Machi kweche na kwera huwa wamevaa rangi zao za kuzalia, nyekundu na manjano, wakati kiangazi wengi wao hufanana na shomoro wa kahawia. Lakini gari litakwama. Mei hadi Agosti nyasi ni ndefu, na upepo wa kusi huchafua ziwa.

Jambo moja husahaulika: jua. Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huchomoza kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na Tabora kama dakika 25 baada yake. Ukifika ufukweni Kigoma saa 12 asubuhi utakaa gizani. Mwanga wa kutosha kuona rangi huja karibu na saa 1, na saa bora ni hiyo hadi saa 4. Jioni nayo hurefuka: kati ya saa 11 na saa 1 usiku bado kuna kazi nzuri.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 8x42 inatosha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 8x42 inakupa milimita 5.25 za mwanga unaofika jichoni, 10x42 inakupa 4.2. Kwenye kivuli cha msitu wa Gombe tofauti hiyo unaiona. Tena 10x hutikisika zaidi mkononi na eneo unaloliona ni dogo, hivyo ndege anayerukaruka majani utampoteza.

Irekebishe kabla ya safari. Funika lenzi ya kulia, tazama kitu chenye herufi kilicho umbali wa mita 20 hivi, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Sasa funika ya kushoto, tazama kitu kilekile, na safari hii usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete iliyo karibu na jicho la kulia hadi pakae sawa. Weka alama ya kalamu kwenye pete. Watu wengi wanaolalamika kwamba darubini inawaumiza kichwa hawajawahi kuigusa pete hiyo.

Teleskopu na miguu mitatu ni kwa ajili ya ukingo wa kinamasi na mabwawa. Kwenye mtumbwi haifai kitu, maana kila wimbi dogo humtoa ndege kwenye duara.

Nguo ziwe za khaki, kijivu au kijani iliyofifia. Epuka bluu iliyokolea na nyeusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Tabora na Kigoma kuna mbung'o, na mbung'o hueneza malale. Dawa ya kupaka ya mbu haiwazuii sana. Mikono mirefu ya kitambaa kizito ndiyo kinga. Wao hufuata kitu kinachotembea, gari likiwemo, kwa hiyo funga vioo ukiwa njiani na usubiri dakika chache baada ya kusimama kabla ya kufungua mlango. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye pori la mbung'o, ili asiishie kupima malaria peke yake.

Pakua kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki au programu ya kutambua ndege kama Merlin kwenye simu ukiwa bado mjini. Porini mtandao hukatika. Jizoeze majina ya kisayansi ya ndege unaowataka, kwa sababu jina moja la Kiswahili hubeba ndege wengi, na kutoka kijiji kimoja hadi kingine linaweza kuwa la ndege mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Vibali, na kujitambulisha

Hifadhi za Taifa (Gombe, Mahale, Mto Ugalla) ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi hizo. Mapori ya akiba, kama Moyowosi, yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Usitarajie kulipa taslimu langoni. Omba namba hiyo ukiwa Tabora au Kigoma mjini, lipa, na uweke nakala ya karatasi.

Moyowosi ina suala la ziada. Msimu wa uwindaji wa kitalii huanza tarehe 1 Julai, na vitalu vingi vya huko ni vya uwindaji. Uliza TAWA kama kitalu unachokitaka kina wawindaji tarehe zako. Hili usiliache kwa dereva.

Nje ya hifadhi, fika kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho. Msalimie, eleza unatafuta nini, onyesha picha za ndege. Mtu mgeni mwenye darubini karibu na reli, bandari, daraja au kambi ya wakimbizi hutiliwa shaka, na ni haki aulizwe. Dakika 15 za ofisini zinaokoa nusu siku ya maelezo polisi. Mtendaji ndiye pia atakayekutafutia kijana anayejua njia.

Hatua ya 4: Miombo ya Tabora (siku tatu)

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Miombo huonekana tupu kwa sababu ndege wake wadogo hutembea kwa makundi mseto. Aina kumi au kumi na tano hula pamoja, zikihama mti hadi mti. Nje ya kundi kuna kimya. Unaweza kutembea saa nzima usione kitu, kisha kwa dakika tano mti mmoja ukajaa. Kazi yako si kukagua kila mti. Tafuta kundi.

Fanya hivi. Ingia msituni mwanga ukianza, mahali penye miti mikubwa ya mtundu, muba na mninga ambayo haijakatwa kwa mkaa au kukaushia tumbaku. Tembea mita 200, simama dakika tano, sikiliza. Usiende moja kwa moja bila kusimama. Dalili ya kwanza huwa sauti ya mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, kwa sababu hukaa pembeni ya kundi akidaka wadudu wanaofurushwa. Dalili ya pili ni Prionops plumatus, weusi kwa weupe, wenye pete ya manjano kuzunguka jicho, wanaopita chini chini kwa mstari huku wakigonga midomo. Ukiwaona hao, usiwakimbilie. Kadiria kundi linaelekea wapi, zunguka mbele yake mita 50, simama kando ya shina, na uache lije. Anayelifuata kundi kutoka nyuma huona mikia tu.

Kundi likifika, anza na vilele vya miti kisha ushuke. Tafuta hawa:

Salpornis, ndege mdogo wa madoadoa anayepanda shina kwa kulizunguka. Huanzia chini, hufika juu, kisha hujiangusha hadi shina la jirani. Kigong'ota hujiegemeza kwa mkia, huyu haegemei.

Muscicapa boehmi hukaa kimya kwenye tawi kavu la katikati, kifua cheupe chenye madoa meusi ya umbo la tone. Jina lake linamkumbuka Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege Unyamwezi miaka ya 1880.

Coracias spatulatus, ndege wa bluu ambaye nyuzi mbili za mkia wake huishia na vijiko vidogo. Huchanganywa mara nyingi na Coracias caudatus wa kandokando ya barabara. Vijiko hukatika au hudondoka anapobadilisha manyoya, kwa hiyo usitegemee mkia. Tazama kifua: caudatus ana zambarau kooni na kifuani, spatulatus mzima ana bluu iliyopauka hadi chini. Huyu hupenda kukaa ndani ya msitu, chini ya kilele. Yule hupenda nguzo na miti iliyo peke yake.

Hondohondo wa mdomo wa krimu, Lophoceros pallidirostris, ni mtego mwingine. Jike la hondohondo wa kijivu wa kawaida, L. nasutus, pia lina krimu kwenye mdomo, lakini kwenye nusu ya juu tu, na ncha yake ni nyekundu. Ukiona krimu nusu zote mbili za mdomo, ya juu na ya chini, ndiye.

Kwenye nyasi fupi za miombo iliyo wazi kuna Cisticola angusticauda, ndege wa kahawia asiye na mvuto kwa mbali, mwenye kichwa chekundu na mkia mwembamba mrefu. Katika majina ya Kiingereza anaitwa ndege wa Tabora, na watu wa Tabora wanastahili kumfahamu.

Kuhusu mlembe, Indicator indicator: Tabora ni nchi ya asali, na ndege huyu hulijua hilo. Ukisikia mlio wa kukatikakatika kama kiberiti kinachotikiswa ndani ya boksi, na ndege wa kijivu anahamia mti ulio mbele yako kidogo kisha anakusubiri, anakuita kwenye nyuki. Anachotaka ni nta na mabuu, na mdomo wake hauwezi kupasua gogo. Kumfuata ni halali ukiwa na mrina asali anayejua kazi yake. Peke yako usimfuate; ukikuta nyuki bila moshi wala vazi, utakimbia. Usivae manukato, na kaa mita 30 au zaidi kutoka mizinga ya magome inayoning'inia, maana ni mali ya mtu. Mrina akipata asali, mwombe amwachie mlembe kipande cha nta.

Usipige sauti za ndege kwa simu mfululizo. Septemba na Oktoba wana viota. Dume linalojibu spika huacha kulisha makinda. Ukilazimika, piga sekunde 20 mara moja, na kama hakuna jibu ondoka.

Saa 5 hadi saa 10 miombo hulala. Tumia muda huo kwenye maji: Bwawa la Kazima karibu na mji, au Igombe kaskazini, kwa mnandi, mdiria, yangeyange na bata. Mwenye siku za ziada na gari la magurudumu manne aende Ugalla, hifadhi ya taifa tangu 2019. Kiangazi mto hubaki mabwawa, na ndege wa maji hujikusanya hapo. Mamba pia, na viboko, kwa hiyo usishuke ukingoni bila askari.

Kaskazini, Igunga na Nzega, kuna mbuga ya Wembere. Ni mahali pa korongo na yangeyange kwa makundi, na kwenye miti ya pembeni kuna Agapornis fischeri, kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa chungwa na pete nyeupe ya jicho. Lakini ni udongo mweusi. Mvua ya saa moja inatosha kulizamisha gari hadi ekseli. Hapo nenda Mei au Juni, njia zikikauka na maji yakiwa bado yapo. Kwenye safari ya Oktoba paruke.

Hatua ya 5: Malagarasi (siku tatu)

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, hekta milioni 3.25, ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tarehe 13 Aprili 2000. Watu wanaivuka kwa treni au kwa Daraja la Kikwete wakiwa wamelala. Shuka Nguruka au Uvinza, na upange mtumbwi na wavuvi kupitia serikali ya kijiji.

Wanaokuja huku humtaka Balaeniceps rex, ndege wa kijivu mwenye urefu wa zaidi ya mita moja na mdomo mpana kama kiatu. Makazi yake ni mafunjo na majani yanayoelea, karibu na njia za maji zenye kamongo na kambale. Kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, nenda na mvuvi wa eneo hilo, na umuulize alimwona wapi wiki hii. Mahali pa mwaka jana hapasaidii, kwa sababu maji yakihama samaki huhama.

Pili, ingieni alfajiri kwa upondo, bila injini. Injini husikika mbali juu ya maji, na ndege huyu akiruka mara moja hukaa mbali siku nzima. Mtumbwi wa gogo hupinduka kirahisi: kaeni sakafuni, anayesimama ni mwenye upondo peke yake, na kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Darubini iwe shingoni, simu kwenye mfuko usioingiza maji.

Tatu, tazama mbali kwenye mipaka ya mafunjo na maji, ukitafuta kitu cha kijivu kisichotikisika. Anaweza kusimama nusu saa bila kusogea, na kwa mbali hufanana na kisiki. Kisiki hakigeuzi kichwa, kwa hiyo kila kisiki kipe dakika tatu.

Nne, bakini mita 100 au zaidi. Akinyoosha shingo na kuacha kutazama maji, mmeshamkaribia mno; rudini nyuma. Kiota msikikaribie kabisa, na eneo lake msiliandike hadharani wala kuacha picha ikiwa na alama ya mahali. Mara nyingi ni kinda mmoja tu anayekua, na makinda wa ndege huyu huibwa kwa ajili ya biashara.

Ukimkosa, siku haijapotea. Kwenye nyasi za mafuriko tafuta korongo mrefu wa Bugeranus carunculatus, mwenye ndewe mbili nyeupe zinazoning'inia kidevuni. Yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kama Balaeniceps. Juu ya majani ya yungiyungi hutembea Actophilornis wa vidole virefu, na kwenye matawi ya mtoni wamo keremkerem na furukombe.

Hatua ya 6: Kigoma, michikichi na ufukwe (siku mbili)

Ufukwe wa mawe wa Tanganyika una ndege wachache wa kutembea majini, kwa sababu ziwa hushuka kina ghafla. Nenda palipo na tope. Delta ya Mto Luiche, kusini mwa Ujiji, yenye mashamba ya mpunga na matete, ni bora zaidi ya ufukwe wowote wa kuogelea. Vaa viatu vya mpira visivyoingiza maji, maana kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia.

Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, fika jua likichomoza, wavuvi wa dagaa wakirudi. Mwewe, kunguru na yangeyange hujaa kwenye dagaa walioanikwa. Angalia kalenda ya mwezi: siku za mbalamwezi dagaa hawavutwi na taa, wavuvi hupumzika, na mwalo huwa mtupu. Uliza pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kwenye michikichi tafuta Gypohierax angolensis, tumbusi anayekula nyama ya ngazi za mawese. Wengi humwandika kuwa furukombe kwa sababu wote wana kichwa cheupe na wote hukaa karibu na maji. Tofautisha kwa tumbo na mkia: furukombe ana tumbo la kahawia nyekundu na mkia mweupe wote, tumbusi huyu ana tumbo jeupe na mkia mweusi wenye ncha nyeupe. Kinda lake ni la kahawia mwili mzima na linahitaji miaka kadhaa kubadilika. Kwenye makuti yaleyale, teleka wadogo hugandisha viota vyao kwa mate chini ya jani.

Hatua ya 7: Gombe (siku mbili), au Mahale

Gombe haina barabara. Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana kuelekea vijiji vya kaskazini na huchukua saa mbili hadi tatu. Boti ya kukodi yenye mashine kubwa huchukua chini ya saa moja. Mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Kasekela. Lala huko, kwa sababu anayekuja na kurudi siku hiyohiyo hukosa asubuhi.

Watalii karibu wote huja kwa sokwe, kwa hiyo mwambie mwongozaji waziwazi kwamba unataka ndege, la sivyo mtakimbizwa mlimani kwa mwendo wa sokwe. Anzeni kwenye majengo ya ufukweni, ambako Hypargos niveoguttatus, wenye tumbo jeusi la madoa meupe, huokota mbegu bila woga. Kisha pandeni polepole bonde la Kakombe. Simameni kwenye mtini wenye matunda na msubiri saa nzima. Shorobo Musophaga rossae, wa zambarau na mdomo wa manjano, atakuja kula, na akiruka mabawa huwaka wekundu. Chakula msikile nje, nyani watawanyang'anya. Mkikutana na sokwe, fuateni masharti ya umbali na barakoa mliyopewa langoni.

Mahale, kilomita zaidi ya 100 kusini mwa Kigoma, inahitaji siku nyingine nne au tano na boti ya kuaminika. Kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462, na kwenye msitu wa juu yuko Apalis argentea, na kwenye mianzi Bradypterus alfredi. Hupandwi bila kufuatana na askari mwenye silaha, na unahitaji hema. Kwa safari ya siku kumi usiiongeze. Ipe safari yake.

Hatua ya 8: Andika kila jioni

Kwa kila mahali andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, umbali uliotembea, kila aina na idadi, na ndege alikuwa anafanya nini. Andika pia siku uliyotembea saa tatu ukaona aina nne. Magharibi kuna watazamaji wachache, na orodha kama hiyo ikiingizwa kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, huonyesha mahali ambapo ndege hawapo pamoja na mahali walipo. Usilokuwa na uhakika nalo liandike kwa maelezo ya mdomo, kifua na mkia, bila jina. Orodha yenye ndege watatu wasiotajwa jina ina manufaa zaidi ya yenye ndege mmoja aliyebahatishwa. Ndege walio na viota au walio hatarini wafiche mahali kamili kabla ya kutuma, kisha mpelekee nakala mtendaji wa kijiji aliyekupokea, kwa Kiswahili, ikiwa na majina wanayotumia wenyeji wake.